Acha Kupanga Ukurasa wa Mwongozo kwa Nafasi

Swali limerudi tena: “Ukurasa wangu wa mwongozo uko sawa kwenye kompyuta yangu, mbona kwa wenzangu unavurugika?” Jibu huonekana faili likifunguliwa tu. Mwandishi kabonyeza kitufe cha nafasi mpaka safu zikalingana, kisha akapachika .nf juu kabisa kwa sababu kuna mtu alimwambia ndiyo dawa.

Si dawa. Agizo la .nf huizuia roff, programu inayopanga kurasa za mwongozo, kujaza mistari, basi maandishi hubaki vilevile ulivyoyachapa, kwa upana wa dirisha lako wewe. Anayesoma kwenye terminali ya simu ataona mistari imekatika katikati ya maneno. Ukiondoa .nf ukabakiza nafasi zako, mambo hayatengemai: nafasi moja tu mwanzoni mwa mstari huilazimisha roff ivunje aya hapohapo. Mstari ukianza na nukta, tuseme .bashrc, roff hudhani imepewa agizo. Isipolitambua hulipuuza, na jina la faili linatoweka ukurasani. Mtu anafuata maelekezo yako, na neno analolihitaji halipo! Hata kistari kina hatari: “-” tupu huweza kutoka kama kiungio cha maneno, na msomaji akinakili --force, programu inaikataa. Andika \-\-force.

Roff haitaki picha ya ukurasa. Inataka uiambie kila kitu ni nini, nayo itapanga kwa upana wa msomaji. Ndiyo maana Cynthia Livingston aliandika makro za mdoc kwa ajili ya BSD: .Fl ni chaguo, .Ar ni thamani, .Pa ni njia ya faili.

Basi, fanya hivi. Tumia mdoc, au .TP kwa kila chaguo kama unatumia makro za man. Herufi nzito kwa kinachochapwa kilivyo, mlazo kwa anachojaza mtumiaji, mabano ya mraba kwa kisicho cha lazima. Usibuni vichwa vipya badala ya NAME na SYNOPSIS. Vimekuwepo tangu mwongozo wa kwanza wa Unix, Novemba 1971, na amri ya utafutaji apropos hutegemea NAME. Kila sentensi ianze mstari mpya. Nukta ya mwanzo itangulizwe \&. Mifano ya amri, na hiyo tu, ikae kati ya .EX na .EE ukitumia makro za man. Kagua kwa mandoc -T lint, kisha soma kwa MANWIDTH=50 kabla ya kusambaza.