Maji Yadanganyavyo Macho

Tia fimbo majini kwa mshazari, nayo itaonekana imevunjika pale iingiapo. Itoe: ni nzima. Sababu yake ni nuru. Hewani nuru huenda maili 186,000 kwa sekunde moja, lakini majini mwendo wake hupungua ukawa kama robo tatu tu. Na itokapo majini kwa mshazari kuingia hewani, hupinda. Jicho halijui kwamba imepinda. Hudhani imekuja moja kwa moja, basi hukiona kitu juu kuliko kilipo. Mvuvi mwenye mkuki ajua sana jambo hili: hamlengi samaki pale amwonapo, bali chini yake kidogo.

Lakini udanganyifu huu waweza kuua mtu. Maji maangavu ya mto, ukiyatazama kutoka juu yake, huonyesha robo tatu tu ya kina chake. Ukiyatazama kwa upande, nawe u ukingoni, huonyesha pungufu zaidi. Penye futi 4 waona 3. Mtoto wa kimo cha futi 4 hudhani yatamfika kifuani, kumbe yatamfunika.

Basi, kabla ya kuvuka, simamisha fimbo hata iguse chini, kisha uitoe utazame ilipolowa. Hapo ndipo kina cha kweli.