Jiwe Husuguliwa na Jirani Yake

Barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata hupita Kiwangwa, mahali panaposifika kwa mananasi. Kaskazini ya hapo Mto Wami huteremka kutoka bara na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, karibu na Saadani. Jiwe lililobanduka mwambani huwa na ncha na makali. Lakini kokoto iliyokaa muda mrefu katika mkondo wa mto huwa laini na ya mviringo. Ni nani aliyeichonga? Hakuna fundi wala patasi. Imesuguliwa na majirani zake, yaani mchanga, changarawe na kokoto nyingine, zikibingirishwa pamoja na maji kwa miaka isiyohesabika.

Kazi hiyo ya mto ndiyo ifanywayo nyumbani na mwenye pipa dogo la kung'arishia mawe. Pipa huzungushwa polepole na mota ya umeme, usiku na mchana. Ndani yake hutiwa mawe, maji na unga wa msasa. Unga wa kwanza ni wa chengachenga. Unaofuata ni laini zaidi. Na wa mwisho, kama vile oksidi ya alumini, ni wa kung'arishia. Awamu aghalabu huwa nne, na kila moja huchukua kama juma zima. Basi ni mwezi mzima wa umeme, unga na subira.

Watu wengi huuliza habari za mashine na habari za unga. Wachache sana huuliza habari za vijazio, yaani vile vitu vidogo vinavyotiwa pipani pamoja na mawe tunayotaka kuyang'arisha. Hata hivyo, kijazio kibaya kinaweza kuiharibu kazi ya mwezi mzima katika siku chache za mwisho.

Kijazio kina kazi gani?

Pipa hufanya kazi vizuri likijaa theluthi mbili hadi robo tatu. Likiwa na mawe machache, mawe hayo huanguka na kugongana badala ya kuteleza na kusuguana. Matokeo yake ni nyufa na mapengo. Kijazio huziba nafasi hiyo. Pili, huwa kama mto wa kulalia baina ya mawe makubwa. Tatu, huubeba unga na kuufikisha katika mabonde na pembe ambazo jiwe kubwa haliwezi kuzigusa. Kwa sababu hiyo yafaa kuchanganya ukubwa: vingine kama punje ya choroko, vingine kama punje ya mahindi, vingine kama haragwe. Kwa kawaida robo hadi nusu ya vitu vyote pipani huweza kuwa vijazio.

Ugumu kwanza

Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu, kuanzia 1 kwa ulanga hadi 10 kwa almasi. Kwatzi, lile jiwe jeupe au lisilo na rangi lipatikanalo pengi nchini, lina ugumu wa 7. Akiki, wanayoipenda watu wa pwani katika pete zao, ni ya jamii hiyo hiyo, na hali kadhalika krisoprase ya kijani itokayo Haneti, mkoani Dodoma. Mawe ya jamii moja hukaa pamoja kwa amani. Ukichanganya jiwe gumu na laini, gumu hubaki na laini huliwa.

Jiwe la Longido ni mfano mzuri. Sehemu yake ya kijani ni zoisaiti, yenye ugumu wa 6 hadi 7, na ndani yake mna yakuti nyekundu yenye ugumu wa 9. Katika pipa sehemu ya kijani huisha upesi kuliko ile nyekundu, na uso wa jiwe hubaki na vinundu. Tanzanaiti isitiwe pipani kamwe, kwani hupasuka upesi ikigongwa. Kito cha namna hiyo apelekewe mkata vito.

Kauri, plastiki au kokoto?

Vipande vidogo vya kauri vilivyotengenezwa kwa kazi hii ndivyo bora. Ni vigumu, havichuji rangi, huoshwa na kutumika tena mara nyingi. Ubaya wake ni bei, kwani aghalabu huagizwa kutoka nje.

Punje za plastiki ni nafuu, nazo hulinda mawe yasigongane. Lakini ni nyepesi, huelea, na hazisagi. Tena unga wa msasa hujipachika ndani yake, usitoke hata ukisuguliwa kwa brashi. Kwa hiyo punje zilizotumika katika awamu ya kwanza zisitumike katika awamu nyingine. Vilevile hulika kidogo kidogo, na vumbi lake la plastiki huishia katika maji machafu.

Kwa familia isiyotaka gharama, kokoto ndogo za kwatzi, zilizokwisha kuviringwa na maji, ndizo njia ya kati. Nunua kiasi kidogo kwa wauza kokoto. Usiwatume watoto Wami, kwani mto huo una mamba na viboko. Kokoto za mashine, kama zile za Lugoba, zina makali. Zizungushwe kwanza peke yake kwa unga wa chengachenga mpaka makali yaishe, na zile zinazomeguka zitupwe.

Mawe ya matumbawe yaliyojengewa magofu ya Kaole na majumba ya kale ya Bagamoyo hayafai hata kidogo. Ni laini, yapata 3 au 4 katika kipimo cha Mohs. Pipani yatageuka tope jeupe kama chokaa. Makombe ya pwani nayo ni hivyo hivyo. Na magofu yenyewe ni urithi unaolindwa. Jiwe lake lisiguswe.

Vitu vya jikoni na shambani

Magunzi ya mahindi yaliyokaushwa vizuri na kusagwa chengachenga ni kijazio kinachotumika ulimwenguni kote katika kung'arisha kwa ukavu, yaani bila maji, pamoja na unga laini wa mwisho. Pale ambapo mahindi hupukuchuliwa, magunzi hayana bei. Vifuu vya nazi vilivyopondwa navyo vyaweza kujaribiwa kwa mawe machache yasiyo na thamani. Lakini vitu hivi visitiwe katika pipa lenye maji, kwani huoza, hutoa hewa na kulifanya pipa livimbe. Makapi ya mpunga yana silika nyingi ndani yake. Yasiaminiwe katika awamu ya mwisho.

Usafi ndio mng'aro

Chembe moja ya unga wa chengachenga ikibaki katika kijazio, itakwaruza mawe yote katika awamu ya mwisho. Hapana budi mawe, pipa, kifuniko na vijazio vioshwe kila awamu, tena katika beseni. Mwenye uwezo aweke vijazio vya kung'arishia katika mkebe wao wenyewe, wenye alama, visichanganywe na vingine maishani. Tope lisimwagwe katika sinki, kwani huganda katika bomba kama saruji. Lichimbiwe shimo uani. Wala mtu asisage wala kupasua mawe makavu ndani ya nyumba. Vumbi la kwatzi huharibu mapafu, na watoto wangali wadogo.

Anayetaka kuuza vito akumbuke kwamba biashara hiyo huhitaji leseni ya Tume ya Madini. Anayetaka ufundi zaidi, Arusha kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania.

Basi kabla ya kukiingiza kitu chochote pipani, kiulize maswali matatu: Je, ugumu wako unalingana na wa jiwe langu? Ukubwa wako utafika katika pembe zake? Na je, umeoga? Kikishindwa hata moja, kibaki nje. Jiwe, kama mtoto, huchukua tabia za wale anaoshinda nao.