Wasifu wa Marehemu Usiishie Kaburini

Kila aliyehudhuria mazishi huku Kamachumu anakijua kipindi hiki. Watu wameketi chini ya turubai na migomba, jeneza limetolewa nje, na mwongoza ratiba anamwita mwanafamilia asome wasifu wa marehemu. Husomwa karatasi moja au mbili: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliugua nini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Kisha karatasi inakunjwa na kutiwa mfukoni, na nyingi hazionekani tena. Mimi niliisoma ya baba yangu mwenyewe, na leo sijui iko wapi.

Katika mkoa wetu hilo si jambo dogo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo vijiji vya Muleba na Bukoba vilizika akina baba na akina mama wangali vijana. Utafiti uliofanyika katika kaya za Kagera kati ya mwaka 1991 na 1994 ulionyesha kwamba familia zilizofiwa zilitumia fedha nyingi zaidi kwa mazishi kuliko kwa matibabu. Jeneza, chakula cha waombolezaji na usafiri wa kumleta marehemu azikwe kwenye kibanja cha kwao vyote vililipiwa. Karatasi ya wasifu haikugharimu kitu, na ndiyo iliyopotea. Watoto wa wakati ule sasa ni watu wazima, na wapo wanaojua kaburi la mama lilipo lakini hawajui mama alipenda nini, wala alikutana wapi na baba yao.

Wenzetu wa Uganda waliliona pengo hilo mapema. Akina mama wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI kilichoanzishwa mwaka 1992, walieneza vitabu vya kumbukumbu. Mama mgonjwa, angali na nguvu, aliandika daftari kwa ajili ya mwanawe: asili ya ukoo, siku aliyozaliwa mtoto, mambo aliyomtakia. Huku kwetu Nshamba, mradi wa Humuliza ulijishughulisha na majonzi ya yatima, jambo ambalo misaada mingi ya wakati ule, iliyotazama zaidi sare na madaftari ya shule, haikuligusa.

Watu mashuhuri hawana shida hiyo. Kardinali Laurean Rugambwa, aliyekuwa Askofu wa Rutabo, jirani zetu hapa, tangu mwaka 1953, na Kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, alifariki tarehe 8 Desemba 1997 akazikwa Kashozi. Oktoba 2012, miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, mwili wake ulihamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba. Ruge Mutahaba wa Clouds Media alipofariki Afrika Kusini mwezi Februari 2019, redio zilimzungumzia kwa siku nyingi, na maelfu walijitokeza kumpokea na kumsindikiza hadi alipozikwa kwao Bukoba.

Mpiga nanga wa kijiji hana redio. Naye ndiye aliyetunza habari za mashujaa wetu, Rukiza na Kachwenyanja, kwa kuziimba usiku kucha. Baadhi ya tenzi hizo tunazo leo kwa sababu Profesa M. M. Mulokozi alizikusanya na kuziandika. Lakini waimbaji wangapi walizikwa, na wasifu wao ukasema tu kwamba marehemu alikuwa mkulima? Kwa maoni yangu, hiyo ni kumzika mtu mara mbili.

Shaaban Robert alifanya vizuri zaidi kwa mwimbaji wa Unguja, Siti binti Saad. Alimhoji angali hai, kabla hajafariki mwaka 1950, na Wasifu wa Siti Binti Saad unasomwa hadi leo. Wasifu mwingi tunaousikia makaburini huandikwa usiku wa msiba na vijana waliochoka, wakiulizana mwaka wa ndoa ya babu yao ambaye hayupo tena wa kuwajibu.

Kwa hiyo kamati za parokia zinaweza kuanza na wazee walio hai. Katibu wa jumuiya aende na kaunta buku moja. Aulize nani alikufundisha kazi yako, kibanja hiki ulikipataje, wimbo gani uliupenda, nani mlizika pamoja wakati wa shida. Daftari la parokia la marehemu lina majina na tarehe tayari. Haya mengine halina. Wafadhili wanaotuuliza wasaidie nini hapa, gharama ni daftari, kalamu na nauli ya pikipiki.

Na siku ya mazishi, katibu asimame karibu na msomaji, aipokee karatasi palepale kabla haijakunjwa.