Adui Asiye na Mikono

 

Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja alinisubiri mlangoni. Mtoto wake wa miaka 2 alikuwa nyumbani kwa nyanya yake, ana homa kali, anakohoa, na macho yamekuwa mekundu. Asubuhi hiyo upele ulikuwa umetokeza nyuma ya masikio na usoni. Mama alikuwa amempa vidonge vya antibayotiki vilivyobaki wakati kaka yake alipotibiwa kidonda. Siku 3 zilipita, na homa ikazidi.

“Mchungaji,” akaniuliza, “mbona dawa iliyomponya mmoja haimsaidii mwingine?”

Nilimwomba ampeleke mtoto zahanati siku hiyo hiyo, naye akaenda. Lakini swali lake ni jema, na leo ningependa tulijibu pamoja.

Miili yetu imejengwa kwa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Hebu fikiria kwamba kila seli ni duka la fundi cherehani. Ndani yake mna mafundi, vitambaa na cherehani, na kuna maagizo yanayoonyesha nguo gani ishonwe. Mafundi husoma maagizo na kushona, mchana na usiku.

Bakteria naye ni seli. Ana duka lake mwenyewe. Hula, hukua na kuongezeka. Antibayotiki hubomoa ukuta wa duka hilo, au huharibu cherehani zake. Ndiyo sababu kidonda cha yule kaka kilipona.

Lakini surua, ambayo wengine wetu huiita ukambi, hailetwi na bakteria. Huletwa na kirusi. Na kirusi hakina duka, hakina cherehani, wala hakina mikono. Ni karatasi ya maagizo iliyotiwa ndani ya bahasha, basi. Ni kidogo kiasi kwamba virusi vya surua 5,000 hivi vikipangwa mstari mmoja, urefu wake ni kama milimita 1. Kikiwa nje ya seli hakili, hakikui, hakizai.

Wataalamu walianza kulitambua jambo hili kwa kuchunguza majani ya tumbaku yaliyougua. Mwaka 1892, huko Urusi, Dmitri Ivanovsky alichuja maji ya majani hayo kwa chujio linalozuia bakteria, lakini maji yaliyopita bado yaliambukiza majani mazima. Mwaka 1898, huko Uholanzi, Martinus Beijerinck alionyesha kwamba kitu hicho huongezeka ndani ya mmea ulio hai tu.

Basi, surua huingiaje? Mgonjwa akikohoa, virusi hutoka pamoja na pumzi yake, na vyaweza kubaki hewani chumbani kwa muda wa hadi saa 2 hata kama mwenyewe ameondoka. Mtoto mwingine akiivuta hewa hiyo, virusi huingia kifuani. Juu ya bahasha ya kirusi mna vifungo, na juu ya seli fulani za mwili mna matundu yanayovipokea vifungo hivyo. Pasipo tundu linalofaa, kirusi hakiingii.

Na la kusikitisha ni hili: seli za kwanza kushikwa ni askari wa mwili wenyewe, zile seli za kinga zinazolinda mapafu. Bahasha huungana na ngozi ya seli, na karatasi hutumbukia ndani. Mafundi hawajui kwamba aliyeileta ni mwizi. Wanaisoma na kuitii. Wanaacha kazi ya mwenye duka na kushona bahasha mpya na kunakili karatasi mpya, nazo hutoka kwenda kutafuta maduka mengine. Hivyo virusi hufika kwenye matezi, huenea katika damu, kisha huingia katika seli za koo na njia ya hewa, ambako hukoholewa nje tena.

Hayo yote hutendeka kimyakimya. Kwa kawaida upele hutokeza baada ya siku 14 hivi, na mtoto huanza kuwaambukiza wengine siku 4 hivi kabla ya upele huo.

Sasa jibu la yule mama ni wazi. Antibayotiki haikupata duka la adui la kubomoa, kwa kuwa adui anatumia duka letu. Daktari aweza kuitoa iwapo bakteria wamefuata nyuma na kuleta nimonia au ugonjwa wa masikio, lakini hilo ni la daktari kuamua, si la vidonge vilivyobaki kabatini. Surua pia huwaua wengi wa askari wanaokumbuka magonjwa ya zamani, kama watafiti walivyoonyesha mwaka 2019. Mtoto aliyepona aweza kubaki bila ulinzi dhidi ya maradhi aliyokwisha kuyashinda.

Njia iliyo bora ni kuwaonya askari mapema. Mwaka 1954, huko Boston, John Enders na Thomas Peebles walifaulu kukipata kirusi cha surua na kukikuza, na kufikia mwaka 1963 chanjo ilikuwa tayari. Ndani ya chanjo mna kirusi kilichodhoofishwa. Askari hukiona, hujifunza sura yake, na adui wa kweli akija hukamatwa kabla hajasambaa. Hapa Kenya mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18.

Yule mama aliniambia baadaye kwamba majira ya palizi yalimfanya aisahau ile sindano ya pili. Zahanati mtoto alipewa vitamini A, akatunzwa, akapona. Wapo wasiopona.

Wengine husema, “Mungu atamlinda mtoto wangu.” Ndiyo, ndugu yangu, lakini usiku tunasali na mlango tunaufunga. Jioni hii itafute kadi ya kliniki ya mtoto wako, uisome. Na ukimwona mtoto mwenye homa na upele, usimpeleke penye watu wengi. Mpeleke zahanati, na umwambie muuguzi mara tu ufikapo mlangoni, ili wengine wasiambukizwe.