Je, Wajua? Afande wa Kuchekesha

Je, wajua kwamba polisi wa kwanza kuivunja mbavu dunia hawakutamka neno hata moja? Ni Keystone Cops, kikosi cha filamu bubu alichokianzisha Mack Sennett huko Marekani kuanzia mwaka 1912. Kikosi kizima kinajazana kwenye gari moja, kinamfukuza mwizi, kinaishia mtaroni.

Je, wajua kwamba Charlie Chaplin naye aliivaa sare yao? Ilikuwa 1914, huku kwetu bado anatawala Mjerumani. Filamu ni *A Thief Catcher*, na ilihesabiwa kuwa imepotea moja kwa moja mpaka nakala yake ilipoibuka mwaka 2010, kwenye mauzo ya vitu vya kale huko Michigan.

Je, wajua chuo cha polisi kinachoonekana kwenye *Police Academy* ya 1984 kilikuwa nini hasa? Hospitali ya wagonjwa wa akili iliyokwisha kufungwa, mjini Toronto, Kanada. Vijana wa Bagara, hapa Babati, wanaochaguliwa kujiunga na polisi huenda depo Moshi, na waliorudi hawasimulii vichekesho. Kwenye filamu, meya amefungua milango kwa kila anayetaka, mfupi, mnene, mwoga, na waliokuja ndio hao. Zilitoka sehemu 7, ya mwisho mwaka 1994, iliyopigwa Moscow. Kwa maoni yangu, ya kwanza ingetosha. Zilizofuata ni uji ulioongezwa maji.

Na ile milio ya king'ora, bunduki na redio mbovu katika filamu hizo? Yote inatoka mdomoni mwa mwigizaji Michael Winslow. Ndiyo maana hata mtoto asiyejua Kiingereza anacheka kwa wakati.

Asiyecheka kwa wakati, kwa kuwa haelewi lugha, ana DJ wa kumtafsiria. Je, wajua kwamba Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijijengea jina Dar es Salaam kwa kuzisemea Kiswahili filamu za nje? Waganda wakaenda mbele zaidi: *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Nabwana wa mtaa wa Wakaliga, Kampala, ina maneno ya msimuliaji VJ Emmie ndani ya filamu yenyewe. Makomando wanapigana, yeye anawatania.

Je, wajua kwamba Kenya afande wa vichekesho ana cheo kamili? Ni Inspekta Mwala wa Citizen TV, anayeigizwa na Davis Mwabili. Na mshtakiwa akitoka kituoni kwake, KBC wana mahakama tayari: *Vioja Mahakamani*, kesi ambazo Wakenya wamezicheka kwa miongo kadhaa.

Utamu wa polisi wa kuchekesha unategemea polisi wa kweli. Panda basi la Arusha kwenda Dodoma, keti karibu na televisheni. Afande wa kwenye skrini anajifunga pingu mwenyewe, basi zima linacheka. Kabla ya kufika Babati, dereva anapunguza mwendo: trafiki, sare nyeupe, mkono juu. Kondakta anateremka mbio na makaratasi. Afande wa skrini bado anahangaika na ufunguo, na hakuna anayemcheka. Mikanda inafungwa, kliki, kliki, mpaka siti ya nyuma.

Sasa hili la 2016. Je, wajua kwamba mwaka huo mji wa Saint-Tropez, Ufaransa, uligeuza kituo cha zamani cha polisi kuwa makumbusho, kwa sababu mchekeshaji Louis de Funès alifanya filamu 6 za askari wa mji huo, kati ya 1964 na 1982? Mwaka huohuo, Dar es Salaam, polisi waliwashikilia baadhi ya wasanii wa kikundi cha vichekesho cha Orijino Komedi. Walikuwa wamecheza kwenye harusi ya mwenzao, Masanja Mkandamizaji, wakiwa na sare zinazofanana na za polisi. Picha zilisambaa mitandaoni, watu wakacheka. Kituoni, sivyo.

Je, wajua sheria inasemaje? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inakataza kuvaa sare za majeshi bila ruhusa, ila inamsamehe anayezivaa katika mchezo wa jukwaani, mahali ambapo michezo inaruhusiwa kuonyeshwa hadharani. Ukumbi wa harusi ni jukwaa? MC ana kipaza sauti, kuna taa, kuna watazamaji, na kuna anayelia. Mimi ningesema ni jukwaa kuliko majukwaa mengi, lakini mimi si hakimu.

Kamera nayo ina utaratibu wake. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga filamu, na filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Kwa hiyo kijana wa Bagara mwenye simu nzuri na marafiki wanaojua kuanguka, aanzie kwenye kibali, aulize na habari za sare. Na akisema "kata!", koplo wake avue kofia kabla ya kuvuka barabara kwenda kununua maji.