JICHO LIFUATE UA
Namna ya kuondoa vurugu nyuma ya picha za mimea

Wahenga walisema macho hayana pazia. Mtu huona vyote vilivyo mbele yake, lakini akili yake humchagulia kile akitakacho, na vilivyosalia huviacha vikapita. Kamera haina akili hiyo. Hulichukua ua, huichukua na ndoo iliyo nyuma ya ua, wala haijui kipi ndicho kilichokusudiwa. Ndiyo maana picha nyingi za maua tuzipigazo majumbani mwetu hutupendeza wakati wa kuzipiga, na hutuchukiza tunapokaa kuzitazama.

Mwaka 2009 nilikwenda Pangani kumwamkia bibi yangu mzaa mama. Kando ya jiko lake palikuwa na mwasumini alioupanda mwenyewe, na maua yake aliyachuma kwa ajili ya mashada na vikuba vya arusi. Niliupiga mmea huo picha moja tu. Nyuma yake palikuwa na ndoo ya buluu, kamba ya nguo, na shuka nyeupe iliyoanikwa. Na pembeni, upande wa kulia, ulionekana mkono wa bibi umeshika ungo. Maua meupe yalimezwa na weupe wa shuka. Jicho lilikwenda kwenye ndoo kwanza.

WALIOTUTANGULIA

Taabu hii si ya leo. Mwaka 1843 Bibi Anna Atkins wa Uingereza alianza kutoa kitabu cha picha za mwani. Hakutumia kamera. Aliulaza mwani juu ya karatasi iliyopakwa dawa, akaianika juani, kisha akaiosha kwa maji. Mwani ulitokea mweupe juu ya buluu tupu, pasipo na kitu kingine cha kulivuta jicho.

Baadaye Karl Blossfeldt, mwalimu wa sanaa mjini Berlin, alipiga maelfu ya picha za vikonyo, machipukizi na majani, akiyaweka mbele ya karatasi au ubao usio na pambo. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1928 kilimpatia sifa kubwa. Siri yake moja ilikuwa nyepesi: aliisafisha nyuma ya mmea kabla ya kupiga picha.

KABLA YA KUPIGA

Hilo ndilo funzo la kwanza, msomaji. Dakika moja ya kuhamisha ndoo hukuokolea saa nzima ya kuifuta. Sogea hatua mbili kushoto au kulia. Inama hadi ua likabiliane na kivuli cha mlango au cha kichaka. Ua jeupe litafutie nyuma yenye giza. Ua la rangi nzito litafutie nyuma ya rangi hafifu. Kanga isiyo na maua mengi, au kipande cha kadibodi, chatosha kabisa, mradi mtu akishike mbali kidogo na mmea ili kivuli chake kisiangukie juu yake.

Mwenye kamera yenye kuruhusu kurekebisha tundu la lenzi na alifungue kwa upana. Akumbuke kwamba namba ndogo ndilo tundu kubwa. Mmea ukiwa karibu na kamera, na vilivyo nyuma vikiwa mbali, hivyo vya nyuma huyeyuka vikawa kama ukungu. Lakini tundu likizidi upana, huenda hata petali za mbele zikapoteza ukali wake.

BAADA YA KUPIGA

Kazi ya kusahihisha picha nayo ina utaratibu. Anza kwa kukata pembezoni, kwani mara nyingi adui yuko ukingoni. Kisha punguza mwanga wa nyuma, na ufifize rangi zenye kelele kama nyekundu na buluu kali. Mafundi wa vyumba vya giza walilifahamu jambo hili: walilikinga ua kwa kipande cha karatasi, wakaiacha sehemu ya nyuma ipate mwanga zaidi hadi ikawa nyeusi juu ya karatasi ya picha. Simu za leo hufanya hivyo kwa kugusa kidole.

Kufuta kabisa kuwe ndiyo hatua ya mwisho. Simu inapojaribu kutenga ua na nyuma yake, aghalabu hukosea kwenye vinyweleo vya shina na kwenye ncha za majani. Mmea ukaonekana kama uliokatwa kwa mkasi. Na iwapo picha ni ya kumwonyesha mtaalamu autambue mmea, usifute jani wala kikonyo. Huenda jani uliloliona kuwa ni uchafu ndilo linaloutofautisha mmea huo na jamaa zake.

NAKALA NA ASILI

Narudi Pangani. Picha ile niliitengeneza kwa bidii. Niliikata, nikaifuta ndoo, nikaiondoa shuka. Na mkono wa bibi nao nikauondoa, kwa kuwa ulinipotezea ulinganifu. Mwasumini ulitoka safi, na kila aliyeuona aliusifu. Picha ya asili niliifuta, nikidhani haina kazi tena.

Mwaka 2012 bibi alifariki. Picha za uso wake tunazo, zile za kukaa kitini na kutazama mbele. Lakini ya mikono yake ikiwa kazini, karibu na mmea alioupenda, ilikuwa ni ile moja tu. Mama aliponiuliza iko wapi, sikuwa na jawabu.

Basi isafishe picha yako, ndugu msomaji, ua lipate heshima yake. Lakini isafishe nakala; ya asili iweke. Kinachosumbua jicho leo chaweza kesho kuwa ndicho moyo unachokitafuta.