Kabla ya Rangi, Tuandae Mbao

Akina mama wengi hujinyima kwa miezi mingi ili nyumba ipate milango ya mbao, fremu za madirisha na kabati la vyombo. Seremala akishaleta kazi yake, kila mtu nyumbani hutamani kuona rangi siku hiyohiyo. Lakini haraka haraka haina baraka. Mbao tupu huinywa rangi kama mchanga unavyokunywa maji, na baada ya muda mfupi rangi hiyo huanza kubanduka. Mwezi huu, wapendwa wasomaji, tutazame kazi inayotangulia rangi. Mama anaweza kuifanya mwenyewe, au kuisimamia.

Mbao iwe kavu

Hapa Babati, masika huanza Machi hadi Mei, na mbao huvuta unyevu na kuvimba. Ukipaka mbao mbichi, maji yaliyo ndani yatatafuta njia ya kutoka na kuisukuma rangi. Zipange mbao ndani ya nyumba, juu ya vipande vya miti, ili hewa ipite chini na katikati. Kiangazi ni wakati mzuri wa kupaka, ila chagua siku isiyo na upepo, maana vumbi litanasa kwenye rangi mbichi.

Msasa

Msasa ni jina la mti ambao majani yake hukwaruza, na zamani yalitumika kulainishia mbao. Leo tunanunua karatasi dukani. Anza na namba 80, kisha 120, umalizie na 150. Namba ikipanda, chembe huwa ndogo zaidi. Zungushia karatasi kipande cha mbao bapa, na usugue kufuata nyuzi za mbao, usizikate. Funga kitambaa puani. Ukimaliza, futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha acha ikauke.

Mafundo

Mbao za misindano, ambazo wengi huziita paini, kama zinazotoka shamba la Sao Hill huko Mufindi, zina mafundo yenye utomvu. Utomvu huo hupenya rangi na kuacha doa la njano au kahawia. Ukwangue, pangusa kwa tapentaini, halafu paka kila fundo sheleki iliyoyeyushwa katika spiriti, mara mbili.

Praima, kisha puti

Paka praima ya mbao, tabaka jembamba, pande zote. Usisahau makali ya juu na ya chini ya mlango, kwa kuwa ncha za mbao hunywa kuliko mahali pengine. Yapake kabla mlango haujafungwa kwenye bawaba. Acha ikauke hadi kesho yake. Ndipo uzibe matundu ya misumari kwa puti. Puti ikitangulia, mbao tupu huinyonya mafuta, nayo hukauka na kudondoka. Piga msasa mwepesi wa namba 180, futa, paka andakoti, na mwisho rangi yenyewe.

Tuwalinde watoto

Mtoto hutafuna kila kitu, hata ukingo wa kitanda chake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Dukani, ulizia rangi isiyo na risasi. Milango ya zamani iliyokwisha kupakwa isisuguliwe ikiwa mikavu, maana vumbi lake laweza kuwa na sumu hiyo. Fungua madirisha, zima jiko na koroboi, na mama mjamzito akae mbali na harufu ya thina.

Ukimwita fundi

Mkubaliane mapema kwamba bei ina msasa, praima na puti ndani yake. Kagua kila hatua kabla hajaendelea, pitisha kiganja juu ya mbao, tazama mafundo na matundu. Rangi ya mwisho ikishafunika, hutajua tena kilichofanyika chini yake mpaka ianze kubanduka, na wakati huo fundi ameshalipwa na kwenda zake.